Friji Isiyotaka Maziwa

Neno chemba lina matatizo yake kabla hata mashine haijafika. Kwa fundi bomba, chemba ni lile shimo lenye mfuniko wa zege nje ya nyumba, ambalo likifurika mtaa mzima unajua mlikula nini. Kwa watu wa kijiweni, kuitwa chemba ni kuvutwa pembeni uambiwe jambo lisilofaa kusikika na wengine, na mara nyingi jambo lenyewe ni deni. Sasa maabara nazo zimeleta chemba ya tatu: sanduku kubwa la chuma lenye kuta nene zilizojazwa povu la kuzuia joto, mlango wenye kidirisha, feni na hita ndani, na mtambo wa baridi tumboni. Kazi yake ni kuchukua betri, simu, dawa au paneli ya sola na kuipitisha kwenye joto na baridi ambayo hakuna mnunuzi angeitakia mali yake. Chemba hii imerithi tabia za zile mbili. Ikikosewa inafurika, na ikikuvuta pembeni inakudai.

Nadai kwamba ajali nyingi zinazoikumba zinaletwa na sura yake. Inafanana na friji. Ina mlango wa friji, mpira wa mlango wa friji, mngurumo wa friji, na ukiifungua inakupulizia ubaridi wa friji. Ingeundwa kwa umbo la mashine ya eksirei, watu wangeiogopa ipasavyo. Sijui mtu anayeweza kuichomeka mashine ya eksirei kwenye ekstensheni moja na birika la chai. Lakini friji ni mtu wa nyumbani. Tunaifunga kwa goti mikono ikiwa imeshika sufuria, tunaisukuma kwa kiuno ikikataa, tunaiegemea tukipiga soga. Mazoea hayo yote yanapanda daladala Jumatatu asubuhi yakaripoti maabara, na mtambo wa mamilioni ya shilingi unapokewa kwa heshima ya jokofu la soda.

Tuanze na umeme, maana ndipo harusi nyingi zinapovunjikia. Friji ina plagi, kwa hiyo macho ya mpokeaji yanazunguka nyuma ya chemba kuitafuta. Chemba ndogo za mezani kweli zinayo, ile ya miguu mitatu ya amperi 13, ambayo kwa volti 230 inabeba takriban kilowati 3 na hapo imefika ukingoni. Huyo mdogo ndiye aliyewaharibu watu. Dada yake mkubwa anashuka kwenye lori na kebo nene kama mkono wa mtoto, ndani yake nyaya tano, fezi tatu, nyutro na ya ardhi, bila kichwa chochote. Kumtafutia plagi ni kumtafutia chura mkia. Anataka umeme wa njia tatu kutoka kwenye ubao, breka yake mwenyewe, na laini asiyoshirikiana na kiyoyozi cha mkurugenzi. Jengo likiwa halina njia tatu, kikaoni hutolewa mawazo ya ubunifu, na ubunifu katika umeme una harufu ya plastiki inayoungua. Hata ile ndogo yenye plagi haisalimiki: huunganishwa kwenye ekstensheni ya mita 10 iliyoviringwa kwa unadhifu chini ya meza ili isikwaze watu. Waya mwembamba unaobeba amperi 13 saa nane mfululizo unapata joto, na ukiwa umejikunja joto hilo halina pa kwenda. Hapo maabara inakuwa na vyombo viwili vya kupasha joto, na kimoja tu ndicho chenye kipimajoto.

Kisha kuna wageni waliotoka mbali. Chemba ikija kwa msaada, au kwa mkono wa pili, huenda imetoka Marekani na kibandiko kinachosema volti 208, hezi 60. Huku kwetu umeme ni hezi 50, volti 230 au 240 kwa njia moja, 400 au 415 kwa njia tatu. Mtu makini ananunua transfoma, anaushusha umeme hadi 208 kamili, anapima kwa mita, anajipongeza. Ametii nusu ya kibandiko. Transfoma inabadilisha volti. Hezi inaziacha kama ilivyozikuta. Na mota inataka volti na hezi zitembee pamoja kama mtu na kivuli chake. Iliyoundwa kwa 208 na 60 imezoea karibu volti tatu na nusu kwa kila hezi moja, kwa hiyo ikipewa hezi 50 haki yake ni volti 173 hivi. Ukiipa 208, chuma chake kinashiba usumaku kupita kiasi, inavuta umeme mwingi, inachemka, na inafariki ikiwa na kibandiko kinachoshuhudia kwamba ililishwa sawasawa. Cha kuchekesha ni hatima ya mwenzake wa volti 480, hezi 60, ambaye namba zake zinatisha na kila mtu anamkimbia. Gawa 480 kwa 60, unapata 8. Gawa 400 kwa 50, unapata 8. Mota zake zingezunguka kwa amani kwenye njia tatu zetu, zikiwa tu zimepungua kasi kwa moja ya sita, na hita zake zingebaki na karibu asilimia 70 ya nguvu. Yule aliyeonekana jirani anaungua, na yule aliyeonekana jini anaishi.

Umeme wa njia tatu una jambo jingine ambalo friji haikutufundisha: una zamu. Fezi zinafuatana kwa mpangilio, na ukibadilishana nyaya mbili, mota inazunguka kinyume. Sasa tuseme transfoma ya mtaani imeungua, mafundi wakaleta nyingine, nyaya mbili zikarudi mahali pasipo pake. Taa zitawaka vilevile, pasi itapata moto vilevile, mtaa utapiga makofi. Chemba pekee ndiyo itakayojua. Feni yake itavuta hewa ilipopaswa kuisukuma, na kompresa ikiwa ya aina ya skroli itanguruma kama kokoto ndani ya sufuria bila kugandamiza chochote. Mashine zilizoundwa kwa busara zina kilinzi cha zamu ya fezi ambacho, kikiona mpangilio umegeuka, kinakataa kabisa kuwasha. Na hapo ndipo balaa la pili linapozaliwa, maana mashine inayokataa kuwaka inaitwa mbovu. Itaandikwa barua, litaombwa fungu, fundi ataulizwa bei ya tiketi ya ndege kutoka ng'ambo, wakati dawa yenyewe ni kuzima umeme na kubadilishana nyaya mbili kwa bisibisi.

Ikishawaka, inakula. Friji ya nyumbani inafanya kazi, inapumzika, inafanya tena. Kati ya kupumzika na kufanya kazi, joto ndani yake linapanda na kushuka nyuzi kadhaa na maziwa hayalalamiki. Chemba inaambiwa ikae kwenye nyuzi 25 na isicheze hata kwa nusu ya uzi. Kompresa haiwezi kuwashwa na kuzimwa kila baada ya sekunde chache bila kujiua, lakini hita inaweza. Ndiyo maana chemba nyingi huiacha kompresa ikivuta baridi muda wote na kuiagiza hita ikanushe kiasi kidogo cha baridi hiyo, kidogo kidogo, usiku na mchana: mguu mmoja kwenye breki, mwingine kwenye mafuta. Aliyelelewa na friji anauona huu kuwa wendawazimu, na kwa upande wa bili yuko sahihi. Za kisasa zina vali zinazobana gesi ili mabishano haya yapungue, ila hayaishi. Chukua mfano wa chemba inayokula wastani wa kilowati 5. Jaribio la joto na unyevunyevu la paneli za sola katika kiwango cha kimataifa IEC 61215 linataka nyuzi 85 na unyevunyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000. Saa 1,000 ni siku 41 na saa 16. Hizo ni yuniti 5,000, na kama mita ni ya LUKU, basi kuna mtu ambaye kazi yake halisi, hata kama barua ya ajira inamwita mtafiti, ni kununua tokeni.

Mtu atauliza, na ni swali la haki: paneli inayoenda Singida ina haja gani ya kupitishwa kwenye mateso ya namna hiyo? Tena kiwango hichohicho kinataka izungushwe mara 200 kati ya nyuzi 40 chini ya sifuri na 85 juu yake. Singida haina theluji. Jibu ni kwamba jaribio halitabiri theluji. Kioo, shaba, risasi ya kulehemu na silikoni hutanuka kwa viwango tofauti, na kila jua linapochomoza na kuzama huvutana kidogo kwenye viungio. Ukitaka kuona mvutano wa miaka mingi ndani ya wiki chache, unaukuza. Kejeli yenyewe iko kwingine: watu wananunua paneli kwa sababu umeme wa gridi unakatika, na paneli hiyo haiwezi kuthibitishwa ila na mashine ambayo umeme ukikatika inapoteza hesabu.

Na umeme unakatika. Hapa nalazimika kukubali pingamizi zito dhidi ya hoja yangu mwenyewe. Kompresa ikizimika ghafla, gesi inabaki imebanwa upande mmoja. Ukiiwasha papo hapo inajaribu kuanza mwendo ikiwa na mzigo kifuani, na mota iliyokwama inavuta umeme mwingi hadi inaungua. Inabidi isubiri dakika tatu hadi tano, mgandamizo usawazike. Kule zinakotengenezwa chemba hizi, mtu anaweza kuishi miaka 70 bila kulijua hilo, kwa kuwa umeme wake haumpi nafasi ya kujifunza. Huku kwetu mama anayeuza barafu na juisi ya ukwaju analijua vizuri. Friji yake imepitia kwenye frijigadi, kile kisanduku ukutani kinachosubiri kabla ya kuruhusu umeme, na ukigusa swichi kabla ya taa ya kijani atakupiga kibao cha mkono. Kwa hiyo friji si mwalimu mbaya moja kwa moja. Kilichotokea ni kwamba tumebeba masomo yake kwa kuchagua. Maabara tumepeleka tabia ya kuchungulia, ya kushindilia na ya kuweka chakula. Subira ya frijigadi tumeiacha nyumbani. Chemba inapotulia baada ya umeme kurudi, kiwambo kimeandika kwamba inasubiri, mwendeshaji anabonyeza kitufe cha kuwasha, anabonyeza tena, anazima kwenye ubao na kuwasha upya, na kila mara saa ya kusubiri inaanza kuhesabu kutoka mwanzo. Mama wa juisi angemwonea huruma.

Wengine watasema tiba ni jenereta. Ni tiba, ila lazima ihesabiwe kwa mwanzo wa safari, wala si kwa mwendo wake. Mota ya kompresa inapoanza inaweza kuvuta umeme mara sita ya ule inaovuta ikiwa imekolea mwendo, na jenereta iliyonunuliwa kwa kusoma namba ya mwendo itaguna, taa zitafifia, volti zitashuka, na kompresa itashindwa kuondoka kama gari la mkaa kwenye mlima. Wengine wataleta UPS, na kwa kuwa UPS ya kubeba kompresa ina bei ya kiwanja, wataifunga kwenye kiwambo peke yake. Hilo kwa kweli si wazo baya, maana kumbukumbu ya jaribio haipotei. Ila inaleta kichekesho chake: umeme umekatika, kompresa imelala, feni imelala, kuta zinapoa polepole, na kiwambo kinang'aa gizani kikiendelea kuhesabu saa za jaribio kama karani anayeandika mahudhurio ya shule iliyofungwa. Asubuhi kitaonyesha saa 1,000 kamili. Nani atamwambia mteja kwamba saa 60 kati ya hizo paneli yake ilikuwa imepumzika kivulini?

Sauti nazo zinapotosha. Friji ina kompresa moja, inanguruma, umeridhika. Chemba ya kufika nyuzi 70 chini ya sifuri ina mbili, kwa sababu gesi moja haitoshi. R-134a, ambayo kwa miaka mingi ilijaa kwenye mafriji ya majumbani, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri katika mgandamizo wa kawaida wa hewa. Safari ya kwenda 70 inahitaji gesi ya tabia nyingine, kama R-23, inayochemka kwenye nyuzi 82 chini ya sifuri. Lakini R-23 ina kiburi. Ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 26 juu ya sifuri haigeuki kimiminika hata uibane kwa uzito wa tembo, na chumba cha Dar es Salaam mwezi Januari kina zaidi ya 30. Kwa hiyo kompresa ya kwanza inafanya kazi ya mpambe: inaipoza gesi ya mwenzake hadi ikubali kubanwa, na bibi harusi hatoki chumbani mpaka mpambe amemaliza. Mwendeshaji anayesikia mngurumo mmoja kwa muda mrefu anaamua kuwa nusu ya mashine imekufa, anazima, anawasha, na mpambe anaanza upya kusuka nywele. Ongeza hapo mahali inapowekwa. Friji huwekwa pembeni, kwa hiyo chemba huwekwa stoo, kati ya makabrasha na viti vibovu. Baridi haitengenezwi, ni joto linalohamishwa, na joto hilo pamoja na umeme wote ulioliwa vinatupwa chumbani humo. Kilowati 5 ni kama pasi tano zilizowashwa mchana kutwa ndani ya chumba kisicho na dirisha. Kabla ya saa sita mchana swichi ya mgandamizo mkubwa inazima kila kitu, na mashine iliyonunuliwa kupima nani atastahimili joto inakuwa ya kwanza kushindwa.

Sasa mlango. Watu hufungua friji usiku bila haja yoyote, wakitumaini kwamba tangu saa moja iliyopita kuna kitu kimezaliwa humo. Nyumbani tabia hiyo haigharimu sana. Hewa ya pwani yenye nyuzi 30 na unyevunyevu wa asilimia 75 imebeba zaidi ya gramu 20 za mvuke wa maji katika kila mita ya ujazo; hewa ya nyuzi 40 chini ya sifuri haiwezi kubeba hata nusu gramu. Fungua mlango ili kuona tu, na hewa ya Kariakoo inaingia, inatua mzigo wake wote kwenye koili ya baridi, na mzigo huo unakuwa barafu. Barafu ni blanketi. Koili iliyovikwa blanketi haipozi, joto ndani linaanza kupanda, na mwendeshaji akiona linapanda anafungua mlango aangalie kuna nini. Sijui mzunguko mwingine wa kimaabara uliokamilika kama huu. Kutoa sampuli nako kuna mtego wake: kitu kilichotoka kwenye baridi kali kinatokwa jasho kama chupa ya soda mezani, na kama ni kifaa cha umeme kilichowashwa, jasho hilo linatafuta njia kati ya nyaya. Dawa ni kuipasha chemba hadi ipite kidogo joto la chumba, ndipo ifunguliwe. Hiyo inachukua saa nzima, na saa nzima ni ndefu mtu akiwa na basi la kuwahi. Juu ya ushindiliaji nitapita haraka: anayeijaza chemba kama friji ya mkesha wa Idi ameziba njia ya hewa, na sampuli za katikati zitamaliza jaribio bila kujua kwamba lilikuwepo.

Linabaki suala la namba, na humo ndimo friji imetudhuru zaidi, kwa kuwa friji haina namba. Ina kitufe cha kuzungusha kutoka 1 hadi 5 na hakuna ajuaye maana yake. Chemba ina kiwambo chenye namba mbili, kwa kawaida ya juu ni joto lililopimwa na ya chini ni joto lililoagizwa. Mwananchi yeyote wa Afrika Mashariki anaelewa tofauti kati ya agizo na utekelezaji, amelipa kodi miaka mingi akiisomea. Lakini mbele ya mashine imani inamrudia, anasoma ya chini na kuiandika kwenye daftari kuwa ndiyo hali halisi. Hata ya juu si ya kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Kipimajoto cha kawaida humo ni Pt100, waya wa platini wenye ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi sifuri na omu 138.5 kwenye nyuzi 100, yaani chini ya nusu omu kwa kila uzi mmoja. Kama kimeungwa kwa nyaya mbili tu, skrubu iliyolegea ikiongeza nusu omu, chemba itaamini kwamba kuna joto zaidi ya lilivyo, na itajipoza kwa bidii yote kuuondoa uzi mmoja na ushee usiokuwepo. Na hata skrubu ikiwa imekaza, namba hiyo ni ya hewa inayokipita kipimajoto. Betri nzito ya gari iliyowekwa katikati haijapata habari. Ndani yake bado ni asubuhi.

Atakayeona nakuza jambo la kipimajoto akumbuke kisa kinachotuhusu. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari Magamba, Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba aliweka kwenye friji maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto kwa sababu nafasi ilikuwa inaisha, na yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Alichekwa, akaendelea kuuliza, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam wakachapisha maelezo yao katika jarida la Physics Education. Dunia imebishana tangu hapo. Mwaka 2016 wachunguzi wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia vipimo na kuandika kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha, na kwamba tofauti ya sentimita moja tu katika kimo cha kipimajoto ndani ya maji inaweza kuleta tokeo linalofanana na la Mpemba. Wengine hawajakubali. Lakini tazama ukubwa wa ugomvi na udogo wa sentimita, kisha mfikirie mtu anayening'iniza kipimajoto popote waya ulipofika.

Kuna wanaosema tuachane na mashine, tutumie nchi yenyewe: kitu kiwekwe juu ya bati Dodoma, kisha kipandishwe Kilimanjaro na wapagazi. Wamarekani walikuwa na Alaska, na bado walijenga jengo zima la kugandishia ndege kule Eglin, Florida, jimbo la machungwa, likaanza kazi mwaka 1947, kwa sababu baridi ya Alaska ilikuwa inakuja ikitaka. Mlima nao, kwenye mita 5,895, utakupa baridi ya wastani pamoja na hewa nyembamba usiyoiomba. Wengine wanasema yote haya yamo kwenye kitabu cha maelekezo, watu wasome. Ni kweli yamo. Ila kitabu kimeandikwa na mtu asiyejua mgao wa umeme ni nini, tena kinafunguliwa kwa zamu: kwanza na anayetafuta dhamana, kisha na anayetafuta ukurasa mgumu wa kuegemeza mguu mfupi wa meza. Na hakuna anayesoma maelekezo ya friji.

Ndiyo maana chemba zinahitaji karatasi mlangoni, kwa herufi kubwa: HII SI FRIJI, USIWEKE CHAKULA. Naiunga mkono karatasi hiyo. Humo zimepita betri zilizovimba na kemikali zisizo na jina, na chupa ya maji iliyosahauliwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri itapasuka, kwa kuwa maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Kinachonisumbua ni kwamba friji ya Magamba ilikuwa imejaa maziwa ya wanafunzi, na kama ingebandikwa karatasi ya namna hiyo, Mpemba angerudi bwenini na sufuria yake ya moto, Burridge na Linden wangetafuta kazi nyingine, na vitabu vya fizikia vingepungukiwa jina moja la Kitanzania. Labda iruhusiwe rafu moja, ya chini kabisa, siku ya Ijumaa, baada ya barafu ya koili kuyeyushwa.